Karanga za Nachingwea na Mizani ya Wanazuoni

Mwaka 1950 vilitoka vitabu viwili vilivyozaliwa na nchi moja. Cha kwanza kilichapishwa London: The Groundnut Affair cha Alan Wood, mwandishi aliyewahi kufanya kazi ya habari katika shirika la karanga la Waingereza, na ambaye sasa alikuwa akieleza jinsi shirika hilo lilivyozama. Cha pili kilichapishwa Johannesburg: A Grammar of Mwera, sarufi ya Kimwera iliyoandikwa na Lyndon Harries, mmisionari wa Kianglikana. Wood alieleza kashfa iliyokuwa midomoni mwa Waingereza wote. Harries alieleza ngeli na vitenzi vya lugha inayosemwa Ruangwa na Nachingwea hadi karibu na pwani ya Lindi, katika nchi ile ile ambayo sehemu yake ilikuwa ikifyekwa kwa matingatinga.

Hakuna aliyeuliza wakati ule ni kipi kati ya vitabu viwili hivyo kilicho kizito zaidi. Swali lenyewe lingeonekana la kitoto, sawa na kuuliza kama gunia la chumvi ni refu kuliko safari ya Kilwa. Leo linaulizwa kila mwaka, katika kila chuo kikuu, na jibu lake ndilo linaloamua nani awe profesa na nani abaki mhadhiri. Limepata hata mizani yake: idadi ya machapisho ya mtu, na idadi ya mara ambazo machapisho hayo yamerejelewa na wengine. Ardhi ya Nachingwea na Ruangwa inafaa sana kuijaribia mizani hiyo, kwa kuwa ni wilaya chache za Tanganyika zilizopitiwa na wataalamu wa fani nyingi namna ile katika muda mfupi namna ile.

Walioleta wataalamu hao ni njaa ya mafuta. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Waingereza walikuwa bado wanagawiwa mafuta ya kula kwa kadi. Mwaka 1946 John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, alizunguka Afrika Mashariki na ya Kati na wenzake wawili kwa wiki tisa, wakarudi na mpango wa kulima karanga katika ekari 3,210,000. Nchi iligawiwa kwenye karatasi kuwa vipande 107, kila kimoja ekari 30,000. Tanganyika ilipewa vipande 80, na katika hivyo 55 vilikuwa Jimbo la Kusini, ambako makao ya mradi yaliwekwa Nachingwea. Reli ikajengwa, bandari ya Mtwara ikachimbwa, na vijana wa kusini wakaingia katika kazi ya ujira kwa wingi ambao wenye mashamba ya mkonge hawakuupenda. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba mpango umeshindwa, ikafuta deni la pauni zipatazo milioni 36. Reli yenyewe haikumaliza miaka kumi na mitano.

Lakini mradi ulipoanguka, utafiti haukuanguka nao. Palibaki vituo vya majaribio, na mwaka 1955 shughuli zilizosalia zilikabidhiwa Shirika la Kilimo la Tanganyika. A. C. Evans alichapisha mwaka 1954, katika jarida la Annals of Applied Biology, uchunguzi wake juu ya rozeti, ugonjwa wa karanga unaosambazwa na vidukari. Mwaka 1957 ulitoka uchunguzi wa B. Anderson juu ya udongo wa Kongwa na Nachingwea. Mwaka 1960 Evans tena aliandika, safari hii katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki, juu ya kupanda karanga pamoja na mahindi au mtama katika shamba moja. A. K. Auckland alikuwa Nachingwea akichagua na kuzalisha mbegu za soya. Baada yao walifuata wanahistoria na wachumi: Jan Hogendorn na K. M. Scott waliuchambua mradi wa karanga mwaka 1981 katika African Economic History, na Matteo Rizzo akaurudia mwaka 2006 katika Journal of Agrarian Change, akiuliza ulibakisha nini kwa watu wa kusini, khasa katika soko la kazi.

Basi hapo pana wadudu, udongo, mbegu, lugha, historia na uchumi, zote zimeota katika ardhi moja. Zipimwe vipi?

Mizani iliyopo ilianzia mahali pasipotarajiwa, nako ni kwa mawakili wa Marekani. Tangu mwaka 1873 walikuwa na daftari la Frank Shepard lililowaonyesha ni hukumu ipi ya zamani iliyotajwa katika hukumu zipi za baadaye, ili wakili asisimame mahakamani na hukumu iliyokwisha kutenguliwa. Eugene Garfield alilitazama daftari hilo akaona kwamba sayansi nayo inaweza kuwa na lake. Alilieleza wazo hilo katika jarida la Science mwaka 1955, na katika miaka ya 1960 taasisi yake ya Philadelphia ikatoa Science Citation Index. Toleo la kwanza lilisoma majarida 613, likaorodhesha marejeo yapatayo milioni 1.4. Faharasa ya sayansi za jamii ilifuata katika miaka ya 1970, na ya fasihi na sanaa ikaja mwisho.

Wazo la kumpima mwanachuoni kwa mnyororo wa waliomtangulia na waliomfuata halikuwa geni visiwani. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alipoandika juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, alimweka kila mmoja baina ya walimu wake na wanafunzi wake: amesoma kwa nani, nani amesoma kwake. Tofauti ni kwamba katika mnyororo ule kila kiungo kina jina na sifa zake, na msomaji anajua kwamba mwanafunzi mmoja aliyeshika elimu kwa miaka ishirini hafanani na aliyehudhuria darsa mara moja. Garfield naye, kwa haki yake, hakukusudia zaidi ya kuwasaidia wasomaji kutafuta makala. Wengine ndio waliogeuza ufunguo wa maktaba kuwa mizani ya watu.

Mwaka 2005 mizani ilipata jiwe jipya. Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California, alipendekeza namba moja tu kwa kila mtafiti, inayoitwa h. Ukiwa na makala nane ambazo kila moja imerejelewa mara nane au zaidi, na huna tisa zilizorejelewa mara tisa, basi h yako ni 8, hata kama umeandika makala mia. Urahisi wake ndio ulioieneza. Haihitaji kusoma chochote.

Hirsch mwenyewe hakuficha kwamba namba hiyo haivuki mipaka ya fani. Katika makala yake ile ile alionyesha kwamba mwanafizikia Edward Witten, aliyeongoza orodha yake ya wanafizikia, alikuwa na h ya 110, na Solomon Snyder, aliyeongoza orodha ya sayansi za viumbe, alikuwa na 191. Hakuna aliyedai kwamba fizikia ni upuuzi. Wanabiolojia ni wengi, wanaandika kwa makundi, wanachapisha haraka, na kila makala yao hubeba orodha ndefu ya marejeo. Marejeo hayo lazima yaangukie mahali. Mwanahistoria huandika peke yake, huchukua miaka kumi kumaliza kitabu, na nusu ya anavyovitaja ni barua za nyaraka na maneno ya wazee, vitu ambavyo haviwezi kurudisha rejeo. Mtaalamu wa sarufi ya Kimwera anaweza kuwa na wenzake watano duniani. Hata wote watano wakimtaja katika kila wanachoandika, h yake haitapanda mlima.

Harries ni mfano mzuri, kwa kuwa alikuwa mtu mmoja katika fani mbili. Wasomaji wa ushairi wanamjua kwa Swahili Poetry ya mwaka 1962, kitabu ambacho mtafiti wa tenzi na mashairi ya Kiswahili hawezi kukipita bila kukitaja, japo kwa kubishana nacho. Sarufi yake ya Kimwera inatajwa na wachache. Je, mwaka 1962 alikuwa na akili zaidi kuliko mwaka 1950? La. Alihama tu kutoka chumba chenye watu wachache akaingia chumba chenye wengi. Na kwa anayetaka kujua Kimwera, kile kitabu kisichotajwa sana ndicho mlango wa kuingilia.

Wapimaji wenye busara waliliona hilo mapema, wakatafuta dawa. Dawa yenyewe ni kugawanya. Tuseme makala ya sayansi ya mimea imerejelewa mara 20, na wastani wa makala za fani hiyo za mwaka ule ni 20: imepata 1. Tuseme makala ya historia imerejelewa mara 8, na wastani wa fani yake ni 4: imepata 2. Ya pili, iliyoonekana ndogo, ndiyo iliyowapita wenzake. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, wameitumia njia ya namna hii kwa miaka mingi, na mwaka 2008 Filippo Radicchi na wenzake walionyesha kwamba ukigawanya kwa wastani wa fani, mtawanyiko wa marejeo wa fani mbalimbali huanza kufanana. Ni kazi nzuri. Atakayelinganisha watafiti wa fani mbili bila kugawanya namna hii anadanganya, au anadanganyika.

Lakini ili ugawanye, ni lazima kwanza ujue makala ni ya fani gani, na hapo ndipo karanga za Nachingwea zinapokwama kooni. Makala ya Evans ya mwaka 1954 ni ya wadudu, ya magonjwa ya mimea, au ya kilimo? Makala ya Rizzo ni historia, maana inasimulia miaka ya 1946 hadi 1952 kwa kutumia nyaraka. Ni uchumi, maana inahusu ujira. Na ni elimu ya maendeleo, kwa jarida lililoichapisha. Faharasa kubwa kwa kawaida huliweka jarida zima katika fani moja au mbili, na kila makala hubeba alama ya jarida lake kama ng'ombe anavyobeba chapa ya mwenyewe. Hogendorn na Scott, walioandika juu ya mradi ule ule, wamo zizi jingine. Wanapimwa kwa wastani mwingine. Anayechagua zizi amekwisha kuchagua nusu ya jibu, na mara nyingi aliyechagua ni karani wa kampuni ya faharasa ambaye hajawahi kuisikia Nachingwea.

Kuna jambo jingine ambalo kugawanya hakuligusi. Ripoti ya Wakefield, iliyochapishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947, imetajwa katika takriban kila maandishi yanayohusu miradi iliyoshindwa Afrika. Imetajwa kwa kulaumiwa, kwa kukejeliwa, na kama onyo kwa wanafunzi. Mizani haisikii sauti, inahesabu midomo. Kwa mizani hiyo, wiki tisa za Wakefield zimekuwa na athari kubwa kuliko uchunguzi wa udongo wa Anderson, kazi ya mtu aliyeichunguza ardhi ambayo mpango ulikuwa umekwisha kuigawa. Na kwa namna fulani ni kweli: pauni milioni 36 ni athari.

Yapo pia yasiyofika kabisa kwenye mizani. Mashariki ya Ruangwa ipo nyanda ya juu ya Rondo, na katika msitu wake anaishi komba mdogo kuliko karibu wenzake wote, mwenye uzito wa gramu zipatazo 60. Jina lake la kisayansi, rondoensis, lilitolewa na Paul Honess mwaka 1997, si katika jarida, bali ndani ya kitabu cha Jonathan Kingdon cha kuwatambulia wanyama wa Afrika. Kila mtaalamu anayemwandika komba huyo kikamilifu huandika pia jina la Honess na mwaka 1997, maana ndiyo kanuni ya elimu ya wanyama. Faharasa hazilihesabu, kwa kuwa zinasoma orodha ya marejeo iliyo mwisho wa makala, na jina hilo limekaa katikati ya sentensi. Wataalamu wa mimea wana balaa hiyo hiyo. Flora of Tropical East Africa, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, iliipa kusini ya Tanzania alama ya T8, na majina ya wakusanyaji wa mimea ya Nachingwea yamo humo kama ushahidi wa kila mmea. Ushahidi si rejeo.

Mbegu nazo hazina tanbihi. Watafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, ambao Nachingwea imekuwa miongoni mwa mashamba yao ya majaribio, walitoa ufuta wa Naliendele 92 na Ziada 94, na karanga ya Pendo mwaka 1998. Mkulima wa Ruangwa anayepanda Ziada hamrejei mtu. Anapanda, anavuna, anauza. Mtafiti aliyetumia miaka kuichagua mbegu hiyo, akija kuomba cheo, ataulizwa makala zake ziko wapi, na zimo katika jarida gani.

Historia ya kusini ina deni kubwa zaidi. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee walioviona Vita vya Maji Maji au waliohadithiwa na wazazi wao. Kazi iliongozwa na walimu wao, miongoni mwao John Iliffe na Gilbert Gwassa, na maandishi yakarudufiwa kwa matumizi ya chuo. Tangu hapo wanahistoria wa vita hivyo wameyarejea kwa herufi nne tu, MMRP. Kwa nani zihesabiwe? Mwanafunzi aliyetembea na daftari hana h. Mzee aliyesema hana hata nafasi ya kuandikiwa jina lake. Felicitas Becker alipoandika kitabu chake juu ya kuenea kwa Uislamu katika Tanzania bara, kilichotoka mwaka 2008, alijenga juu ya mahojiano ya Lindi, Ruangwa na kwingineko kusini-mashariki, na akawataja waliozungumza naye katika tanbihi, kama ipasavyo. Faharasa ilipokuja kusoma tanbihi zile ilichukua vitabu na makala, ikawaacha wazee nje. Ni hali ile ile ya Mwalimu Sikujua wa Mombasa, ambaye bila ya ufafanuzi wake mashairi mengi ya Muyaka yangebaki mafumbo, na ambaye hatajwi na wengi wanaofaidika naye.

Wakati makala za Evans na Anderson zinaandikwa, hakuna aliyepoteza kitu kwa hesabu hizi. Leo wanapoteza watu. Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kupanda cheo kunategemea machapisho, na shinikizo la kutaka yawe katika majarida yanayoonekana na faharasa za nje limekuwa likiongezeka. Jarida la Kiswahili la Dar es Salaam, ambalo asili yake ni taarifa za kamati ya lugha za mwaka 1930, ni kongwe kuliko Science Citation Index kwa zaidi ya miaka thelathini. Mhadhiri kijana anayeweza kuandika vizuri humo juu ya fasihi ya Wamwera anapiga hesabu, anaona kwamba makala hiyo hiyo ikiwa kwa Kiingereza, na ikimtaja mwanafalsafa wa Paris badala ya bibi wa Ruangwa, itampeleka mbali. Hawezi kulaumiwa. Hata namba yake itategemea atakayeitazama: Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, huhesabu vitabu, tasnifu na mengine mengi, Scopus, iliyoanza mwaka huo huo, huchagua zaidi. Mtu mmoja, siku moja, ana h mbili au tatu.

Kwa kweli wapimaji wenyewe wamekuwa wa kwanza kulalamika. Tamko la San Francisco la mwaka 2012 lilitaka mtafiti asipimwe kwa hadhi ya jarida alimochapisha. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015, iliyoandikwa na wataalamu wa fani hii hii ya kuhesabu, ilitoa kanuni kumi. Mojawapo inataka tofauti za fani zizingatiwe, na nyingine inataka utafiti wenye maana kwa wenyeji ulindwe, hata ukiandikwa kwa lugha isiyokuwa Kiingereza. Ni maneno mazuri, nayo yametiwa saini na taasisi nyingi. Kusoma makala ishirini za mwombaji, hata hivyo, kunachukua wiki nzima. Kusoma namba moja kunachukua sekunde, na kamati nyingi za vyeo hukutana adhuhuri.

Mwaka 2004 Geoffrey Mkamilo, mtafiti wa Naliendele ambaye baadaye aliongoza Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, aliwasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi. Ilihusu kupanda mahindi na ufuta katika shamba moja kusini-mashariki ya Tanzania, jambo la ukoo mmoja na lile aliloliandika Evans mwaka 1960 juu ya karanga. Zamani maofisa wa kilimo wa kikoloni waliyaita mashamba ya namna hiyo machafu, wakataka kila zao likae peke yake katika mstari. Mkamilo alianza kwa kuwauliza wakulima wanafanyaje na kwa nini, na neno hilo akaliweka katika jina la tasnifu yenyewe: desturi na mitazamo ya wakulima. Baada ya hapo ndipo akapanda mashamba yake ya majaribio, akapima mavuno.